Waya Uliopita Ukutani

Kwa muda wote niliokuwa na duka la kunyolea pale barabarani, sikuwahi kuchagua nitazame nini kwenye televisheni yangu mwenyewe. Televisheni ilikuwa yangu, umeme ulikuwa wangu, wateja walikuwa wangu, lakini rimoti ilikuwa ya mama mwenye nyumba. Alikaa nayo ndani kwake, nyuma ya ukuta wa duka, na alipobonyeza, picha ilibadilika kwake na kwangu kwa pamoja. Unaweza kuwa umeshika wembe kidevuni kwa mtu, mpira uko dakika za mwisho, mshambuliaji amebaki na kipa tu, mara picha imeruka na yupo mwanamke anakaanga vitunguu. Nilikaribia kumkata mtu koo kwa sababu ya vitunguu vile.

Mtaani walimwita Bi Hatulii, na aliyempa jina hilo hakukosea. Maisha yake yote ya kazi alipiga pasi mashuka ya hospitali, na pasi ya hospitali hupigwa mtu akiwa amesimama. Alipostaafu, miguu haikuambiwa. Alitazama televisheni akiwa amesimama, mkono mmoja rimoti, mkono wa pili ufagio au mfuniko wa sufuria. Akichoka sana aliegemea mkono wa kochi, nusu ya makalio ndani na nusu nje, kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake kwa daktari. Kochi lenyewe lilikuwa zima na jipya, kwa sababu hakuna aliyelikalia. Na rimoti nayo haikupumzika. Habari kidogo, mapishi kidogo, wanyama kidogo, mahubiri kidogo, kisha anarudi alikoanzia. Wateja wangu walikuwa wakitoka dukani vichwa vinawauma.

Sasa nieleze mambo ya nyaya, maana bila nyaya hakuna hadithi. Kebo ya kampuni iliingia kwake na kuishia kwenye king'amuzi kimoja. Kwenye king'amuzi alikuwa amefungiwa kidude cha kugawa chenye matundu matatu. Waya wa kwanza ulikwenda kwenye televisheni yake. Wa pili ulitoboa ukuta ukaja kwangu, kwa sababu tulipopangana alisema duka lisilo na televisheni halina wateja, na yeye hataki mpangaji mwenye sura ya njaa. Wa tatu ulitoka kwa dirisha la jikoni, ukakatiza uani, ukapita kwenye tundu la ukuta, ukaingia nyumba ya pili. Alichochagua yeye ndicho tulichokula wote watatu.

Nyumba ya pili ilikuwa ya mdogo wake wa kike. Baba yao aliwagawia kiwanja kimoja nusu kwa nusu. Mdogo mtu alikuwa fundi cherehani, na tangu utoto dada yake alimwita Chiriku, kwa sababu alipokuwa mdogo aliongea kuanzia asubuhi mpaka usingizi umpokonye maneno mdomoni. Mimi nilipofika mtaani Chiriku alikuwa ameshanyamaza. Alikuwa mtu wa kukujibu kwa kichwa, huku sindano zimebanwa midomoni.

Kisa chao kilijulikana na kila mtu. Mama yao aliugua muda mrefu, akiuguzwa kwa Bi Hatulii. Jioni moja hali ilibadilika ghafla. Bi Hatulii alitoka mlangoni akamwita mdogo wake, akaita, akaita, na huku ng'ambo ya uwanja cherehani inaunguruma. Kulikuwa na nguo za harusi za kumalizia. Chiriku alikuja mwenyewe baadaye, amebeba chakula cha mgonjwa, akakuta mama ameshafunikwa. Na pale, mbele ya majirani wote, dada mtu akamwambia, "Mama anakata roho, wewe unaendelea kushona."

Chiriku hakujibu. Hakujibu siku ile wala siku zilizofuata, na kila mmoja akabaki kwake akingoja mwenzake aanze. Halafu ukaja ukuta. Mpaka leo haijulikani ni nani aliyeutaka. Matofali yaliletwa upande mmoja, saruji ikatoka upande wa pili, yaani hata ukuta wa kutengana waliujenga kwa ushirikiano. Mwashi alipofika usawa wa kifua alikutana na waya. Akamuuliza Bi Hatulii, "Na huu tuufanyeje?" Bi Hatulii akatazama mawingu. Mwashi akazunguka kwa barabara kwenda kumuuliza Chiriku, akamkuta anatunga uzi kwenye sindano na masikio yamefungwa. Basi mwashi akaacha nusu tofali isijengwe, waya ukapita, akadai chake akaenda. Yule mwashi alikuwa na akili kuliko mtaa mzima.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi nililima mpaka jembe likaisha makali. Hawakupatana, lakini waya nao haukukatwa.

Na polepole, kwa kuwa televisheni yangu ilikuwa mtumwa wa rimoti ileile, nikaanza kuelewa kwamba mambo ninayoonyeshwa hayakuwa ya ovyo ovyo yote. Kila siku saa moja jioni, hata kama nchi imepinduliwa, Bi Hatulii aliweka tamthilia. Ilikuwa ya nchi za mbali, imetiwa sauti za Kiswahili, na watu wake walikuwa matajiri wa kutupa ambao hawakuwa na kazi nyingine isipokuwa kulia. Mama huyu hakuipenda hata chembe. Nilikuwa naenda uani kuchota maji, namkuta amesimama kaipa kisogo.

"Watu wana nyumba ya ghorofa, na bado wanalia kwenye ngazi," aliniambia mara moja. "Mimi ningekuwa na ngazi ile ningeipiga deki nikalala."

"Sasa mama, mbona unaiweka?"

"Kuna watu wanaipenda."

Hakusema nani. Aliinua kidevu kidogo kuelekea ukutani, akatega sikio. Na kweli, ng'ambo ya pili cherehani iliyokuwa ikiunguruma tangu mchana ikanyamaza. Ilinyamaza mpaka tamthilia ilipokwisha.

"Unaona?" alisema. "Ameacha. Anatazama." Uso wake siku hiyo ulikuwa wa mtu aliyelisha mtoto mkaidi akala.

Basi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao. Huyu anaweka, yule ananyamazisha cherehani. Siku ambazo Bi Hatulii aliamka na kinyongo, aliweka kikao cha bunge na kukiacha tangu mchana, nasi wengine tukaadhibiwa pamoja na mkosaji. Lakini ikifika saa moja, hasira au hakuna hasira, tamthilia iliwekwa. Na usiku alipozima king'amuzi, skrini zikafanya giza, taa ya dirisha la Chiriku ilizimika kidogo baadaye. Mimi nililala mle mle dukani, na nilishamsikia Bi Hatulii akiuambia ukuta, "Haya, lala." Ukimuuliza kama wanaongea, angekuapia kwamba hawajawahi kusemezana tangu mazishi.

Kilichovuruga mambo ni upendo, kama kawaida. Bi Hatulii alikuwa na binti, mtoto mzuri tu, anafanya kazi kwenye ofisi ya bima. Alikuja kumtembelea mama yake, akamwona anavyohangaika na rimoti, kituo hiki, kile, hiki, akaona huruma. Mimi nilikuwa pale sebuleni, nimekuja kuazima ngazi.

"Mama, hii kebo ya nini siku hizi? Watu wote wameshahamia kwenye mtandao. Nitakuletea televisheni mpya, unaunganisha na intaneti, imekwisha."

"Hii si inaonyesha?"

"Inaonyesha inachotaka yenyewe, mama. Ile itaonyesha unachotaka wewe, saa unayotaka wewe. Sasa hivi unabonyeza kutwa hutulii na chochote."

Bi Hatulii akanitazama. Mimi nikaitazama ngazi. Nilijua kilichomkwama kooni. Ili aseme hataki, ingebidi aseme king'amuzi kile si chake peke yake, na akisema hivyo ataulizwa ni cha nani mwingine. Neno hilo lilikuwa halijatoka kinywani mwake miaka yote, na hakuwa tayari litoke mbele ya mtoto na mpangaji.

"Sawa, mwanangu," alisema. "Lakini nyaya msiziguse."

"Nyaya gani?"

"Zote. Ziacheni zilivyo."

Binti akacheka, akakubali.  Asubuhi ile fundi alipokuja na televisheni mpya, mimi nilikuwa safarini kwenda kwa wakwe, baba mkwe amelazwa, na duka nililifunga wiki nzima. Kwa hiyo yaliyofuata nayasimulia kama nilivyosimuliwa na mwenyewe, na mwenyewe hakusimulia kwa kukaa. Alikuwa anazunguka mle ndani kama pia ya watoto.

Fundi alitundika televisheni mpya, kubwa, nyembamba kama sinia. Akachukua king'amuzi kwenda kukirudisha kampuni. Nyaya hakuzigusa, kama alivyoagizwa, wala kidude cha kugawa. Alipoondoka, Bi Hatulii akaenda nyuma ya televisheni, akaona tundu linalofanana kabisa na lile la zamani, akachukua ncha ya waya wa kidude cha kugawa, ile iliyokuwa imechomekwa kwenye king'amuzi, akauchomeka. Ukaingia, ukakaza. Nani angemlaumu? Miaka yote aliona picha ikitoka kwenye nyaya zile ikienda kwa watu. Hakujua kwamba tundu lile ni la kupokea, si la kutoa, na kwamba televisheni mpya haigawi kitu kwa jirani. Akapangusa mikono akaona kazi imekwisha.

Jioni alipoiwasha, televisheni ikamuuliza kwa maandishi makubwa, "Nani anatazama?" Chini yake kulikuwa na duara moja tu, lenye jina lake, aliloandika binti.

"Mimi na mdogo wangu," aliijibu, kwa sauti, peke yake ndani ya nyumba. Aliponisimulia hapo hakucheka, na mimi sikucheka.

Alihangaika na picha mpaka jasho likamtoka. Zilikuwa picha juu ya picha, mistari na mistari, unashuka haziishi, kama nguo za mitumba zilizomwagwa. Lakini katikati ya lundo aliiona tamthilia ileile, nzima, tangu siku ya kwanza. Saa moja ikafika. Akabonyeza, wale matajiri wakaanza kulia, naye akaenda dirisha la jikoni kutega sikio.

Cherehani ikaendelea kuunguruma.

Akafikiri, labda hii sehemu ameshaiona. Akarudi, akatafuta nyingine. Cherehani inakwenda. Akajaribu ya karibu na mwisho. Inakwenda. Kesho yake saa moja akaweka tena, na keshokutwa, na kila siku cherehani ilishona moja kwa moja kupita saa ya tamthilia. Kuna siku aliongeza sauti na kufungua madirisha yote, mpaka jirani wa ng'ambo ya barabara akaja kuuliza kama kuna msiba, kwa vilio alivyovisikia. Chiriku akafunga dirisha lake. Bi Hatulii alisikia komeo likigonga.

Hapo ndipo usingizi ulipomkimbia. Alikuwa na filamu za dunia nzima ukutani, na hakumaliza hata moja. Anafungua hii, watu wanasalimiana, anaiacha. Anafungua ile, gari linapita, anaiacha. Televisheni inamshauri, huenda ukapenda hii, huenda ukapenda ile, naye anaiambia hujui nipendacho. Anazima, anawasha. Anapiga pasi mashuka ambayo hakuna aliyeyalalia. Roho ilikuwa juu, na kichwani lilizunguka jambo moja tu, kwamba mdogo wake amekataa. Hata kile kidogo kilichobaki, cha kunyamazisha cherehani, amekirudisha.

Mimi nikarudi kutoka safari. Nikafungua duka, nikawasha televisheni, chenga, vitone vyeupe vinacheza skrini nzima. Nikaipiga kibao, chenga. Wateja wawili tayari wananitazama kama nimewaibia. Nikaenda nyuma nikabisha hodi.

"Mama, kwangu hakuna kitu. Chenga tupu."

Alikuwa anafuta meza. Mkono ukasimama. "Chenga?"

"Chenga. Si mmeondoa king'amuzi? Basi ndiyo imekwisha hiyo, labda na mimi nijinunulie intaneti yangu."

"Lakini waya nimeuchomeka."

"Umeuchomeka wapi?"

Akanionyesha. Nikamweleza, na nakiri sikumweleza kwa upole, maana nilikuwa na hasira za safari. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu, "Na waya wa kule?"

"Wangu na ule ni mapacha, mama. Wangu ukifa, na ule umekufa."

Akashika fremu ya mlango. Nilimfahamu kwa miaka, na sijawahi kumwona amesimama bila kutikisika hata kidogo, isipokuwa dakika ile.

"Kwa hiyo wiki nzima kwake ni giza," alisema. "Atadhani nimemkatia. Kinyozi, baada ya miaka yote hii, atadhani niliamka tu asubuhi moja nikamkatia."

Nilitaka kumwambia hapana. Lakini mtu ambaye kila usiku aliagwa kwa skrini kuzimwa, skrini ikikaa imezimwa wiki nzima, angeelewa nini kingine?

Akampigia binti simu, king'amuzi kirudi. Binti akashangaa. Kilisharudishwa, laini imefungwa, na tena kampuni yenyewe inang'oa nyaya zake mtaa mzima. "Kwani mama, kuna kitu gani kwenye kebo ambacho kwenye mtandao hakipo?" Nilimsikia Bi Hatulii akishusha pumzi. "Basi mwanangu. Nilikuwa nauliza tu."

Halafu akanigeukia mimi. "Wewe nenda kamwambie."

"Siendi."

"Useme tu kwamba sikukata."

"Mama, mimi kinyozi. Nikianza kubeba maneno ya watu nitawaharibia nywele na nyumba zao pia. Nenda mwenyewe. Ni kuzunguka kona tu."

Aliniita mpangaji asiye na shukrani na maneno mengine ambayo siyaweki hapa. Usiku ule niliposinzia bado nilisikia kandambili zake, sebuleni, jikoni, uani, sebuleni.

Kesho yake alasiri nilikuwa namnyoa mwalimu, nimemaliza upande wa kushoto, mama huyo akaingia dukani amejitanda khanga safi na mkononi ameshika koleo.

"Twende ukaangalie waya kule mwisho wake," alisema. "Labda umeliwa na panya."

"Panya gani, mama? Si tumeshazungumza kwamba—"

"Labda umeliwa na panya."

Nikamtazama usoni, nikaelewa. Koleo lile lilikuwa hodi yake. Nikamwonyesha mwalimu aliyekuwa ana kichwa nusu msitu nusu uwanja.

"Nywele hazikimbii," Bi Hatulii alisema.

"Na mimi je?" mwalimu akauliza.

"Na wewe utakimbilia wapi ukiwa hivyo?"

Tukatoka. Ukuta ule ukiuona unadhani nyumba mbili zimeshikana, lakini kwa kuwa hauna mlango, safari ni kutoka barabarani, kupita duka la vifaa vya baiskeli, kukunja kona, kisha kurudi kwa uchochoro. Alianza mbio mimi nikimfuata nyuma. Kwenye kona akapunguza. Uchochoroni akawa anahesabu mchanga. Kufika mlangoni akasimama.

"Tangulia."

"Mwenye panya ni wewe," nikamwambia. Lakini nilimhurumia, nikabisha mimi.

Chiriku alikuwa kwenye cherehani, tepu ya kupimia shingoni, sare za shule zimerundikana mpaka usawa wa kiwiko. Alituona, mguu ukaacha kukanyaga. Kwenye kona, juu ya meza ndogo, televisheni yake ilikuwa imefunikwa gubigubi kwa kitambaa cheupe. Sikukipenda kitambaa kile. Niliomba ruhusa kuangalia waya, nikakimbilia nyuma ya meza ile na koleo langu, nikainama, na laiti ningeweza kuingia ndani ya televisheni ningeingia.

"Waya umekufa," Bi Hatulii alisema, akiliambia rundo la sare.

"Najua. Uliukata."

"Sikuukata. Mtoto kaniletea televisheni ya mtandao, wakachukua king'amuzi. Mimi nilijua picha itakuja huku kama siku zote. Kila jioni nilikuwekea."

"Uliniwekea nini?"

"Tamthilia yako."

"Yangu?" Chiriku akatoa sindano midomoni. "Dada, mimi siipendi ile. Wanalia mno. Nilijua ni yako."

Nyuma ya meza nilifumba macho. Nilihesabu jioni zangu zote, mipira yote iliyokatwa katikati, kwa ajili ya tamthilia ambayo hakuna binadamu aliyekuwa anaitazama.

"Sasa kama huipendi," Bi Hatulii alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kupungua, "mbona ulikuwa unasimamisha cherehani?"

 Chiriku alichukua sare moja akaikunja, akaikunjua.

"Siku ile mama alipokufa, uliniita?"

"Nilikuita. Nilikuita mpaka sauti ikakauka. Mtaa mzima ulisikia."

"Mimi sikusikia. Cherehani ilikuwa inakwenda. Ningesikia ningekuja hata bila viatu."

"Mbona hukusema?"

"Ulishanisema mbele ya watu. Mtu akishasemwa mbele ya watu mdomo unakuwa mzito." Akaiweka sare. "Tangu hapo nikawa, jioni, picha ikibadilika hapa, wale watu wako wakaanza kulia, najua dada ameshaingia ndani, yuko karibu na dirisha. Nasimamisha cherehani. Nasikiliza kama utaniita."

 Mimi nilikuwa nimeshika ncha ya waya kama mtu aliyekamatwa nayo.

"Hukuniita," Chiriku alisema. "Halafu picha ikakatika. Nikasema basi, huyu ndiyo hataniita tena. Nikaendelea kushona."

Nilichungulia.  Bi Hatulii akaishika khanga yake, akaikaza, akaifungua, akaikaza tena. Kisha akageuka akatoka, bila kwaheri, kandambili zikapiga uchochoroni zikapotea, nami nikabaki nimeinama kwenye nyumba ya mwanamke mwingine.

"Hakuna panya," nikamwambia Chiriku.

"Asante," alisema. Akarudisha sindano midomoni, na kabla sijafika mlangoni cherehani ilikuwa imeshaanza.

Nilimkasirikia yule mama, sitaficha. Nilimnyoa mwalimu upande wa kulia kwa hasira mpaka akaniuliza amenikosea nini. Miaka yote ya kuhangaika, kuzunguka, kubonyeza, kutega sikio dirishani, na siku anafunguliwa mlango, neno moja tu la nisamehe linamshinda. Nilijiambia nitahama. Mtaa ulikuwa na vyumba vingine, vyenye ukuta usio na tundu.

Jioni ikaingia. Duka lilikuwa tupu, maana watu hawaji kwenye chenga. Nilikuwa nafagia nywele, mlango wa nyuma uko wazi kuelekea uani, na nilisikia kandambili zikizunguka ndani kwake kama kawaida. Televisheni yake ilikuwa imezimwa. Ng'ambo ya ukuta cherehani inaunguruma. Kandambili zikaja jikoni, zikatoka uani. Zikaenda mpaka ukutani, zikarudi, zikaenda tena, na safari hii hazikurudi. Nikachungulia. Alikuwa amesimama mbele ya lile tundu la nusu tofali, waya uliokufa ukipita karibu na shavu lake.

Ilikuwa saa moja. Hakuna picha iliyobadilika popote, hakuna tajiri aliyelia. Cherehani ikasimama yenyewe.

Bi Hatulii akakohoa. Akashika ukuta kwa viganja vyote viwili, na akaita kama anavyoitwa mtoto aliyezidisha michezo na giza linaingia.

"Chiriku. Chiriku, njoo."

"Abee, dada."

Jibu lilikuja upesi mno, kama lilikuwa limekaa mdomoni. Nikasikia kiti kinaanguka kule, kisha mlango. Nikatoka na ufagio wangu mpaka kizingiti cha mbele, maana hakuna njia nyingine ya kupita isipokuwa kwa barabara. Alikunja kona pale kwenye duka la baiskeli akikimbia, tepu ya kupimia inapepea shingoni, akanipita bila kuniona. Miguu yake ilikuwa mitupu.